Eksirei, CT skani, ultrasaundi au MRI: ukiwa na fomu mkononi uangalie nini

Dirishani kwetu idara ya mionzi kuna maswali mawili hayaishi. La kwanza linaulizwa kwa sauti ya chini, mtu kaikunja fomu ya daktari mara nne, "kaka, hiki kipimo si ndo kile wanasema kinaleta kansa?" La pili linaulizwa kwa sauti ya kawaida kabisa na mtu mwenye bima nzuri au hela taslimu, "hivi siwezi kupiga CT ya mwili mzima nijue moja?" Wa kwanza anaogopa picha kuliko ugonjwa uliomleta, wa pili anaona mashine ikiwa kubwa basi na jibu litakuwa kubwa, na wote wawili nawaelewa kwa sababu hakuna aliyekaa nao akawaeleza, daktari ana foleni ndefu nje na mi nina benchi limejaa.

Leo nimekaa niandike. Nimepiga picha miaka 14 sasa hapa Tanzania, hospitali ya wilaya kwanza halafu ya mkoa, na nilichojifunza ni kwamba usianze na mashine, anza na swali. Daktari anataka kujua nini? Mfupa umevunjika? Kuna maji kwenye mapafu? Damu imevuja kichwani? Kila swali lina mashine yake, na mionzi ambayo haikujibu swali lolote imepotea bure hata iwe kidogo kiasi gani.

Vigezo nitakavyotumia

Nitaangalia mashine zote nne kwa mambo yaleyale: mionzi anayopata mgonjwa, mionzi ya wanaobaki chumbani (sisi wahudumu, na mama anayemshika mtoto), kile mashine inachoona na isichoona, hela na foleni, na mwisho inamfaa nani.

Kuhusu mionzi tunapima kwa milisivati. Ili namba ziwe na maana kwako shika hii moja: mionzi ya asili, inayotoka ardhini, kwenye mawe, angani, hadi kwenye chakula, inampa binadamu wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka duniani kote, hajakanyaga hospitali. Kwa hiyo kila picha tunaweza kuigeuza siku au miezi ya kuishi kawaida tu.

Na kuna kanuni tatu ambazo dunia nzima inafuata, za tume ya kimataifa ya kinga ya mionzi, ICRP, iliyoanza mwaka 1928. Kabla ya hapo watu waliumia. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, alikuwa anajaribu mirija ya eksirei kwa kuweka mkono wake mwenyewe mbele ya mionzi, akakatwa mkono mmoja, ukaja wa pili, akafariki 1904. Kanuni zenyewe ni hizi: picha iwe na sababu, dozi iwe ndogo kadiri inavyowezekana bila kuharibu picha, na wafanyakazi pamoja na watu wengine wawe na kikomo cha mwaka.

Umeona kwenye kikomo sikumtaja mgonjwa? Mgonjwa hana kikomo, na wengi wakisikia hivyo wanashtuka. Ni kwa sababu mtu aliyegongwa na gari anaweza kuhitaji CT tatu wiki moja na zote zikawa halali, kila moja imeokoa kitu, wakati picha moja ndogo ya kifua ya "tuangalie tu" ikawa haina uhalali wowote. Kinga ya mgonjwa ipo kwenye sababu na kwenye mikono ya anayepiga.

Eksirei ya kawaida

*Mionzi kwa mgonjwa.* Ni kidogo lakini inategemea sana sehemu. Kifua ni karibu milisivati 0.02, sawa na siku tatu za mionzi ya asili. Mkono au mguu ni 0.001, saa chache tu. Nyonga inafika 0.6. Mgongo wa chini unafika 1.5, yaani kama kupiga kifua mara 75, kwa sababu mionzi inabidi ipite kwenye tumbo lote na mifupa minene kabla ya kufika upande wa pili. Kwa hiyo "nimepiga eksirei" peke yake haisemi kitu, sema umepiga ya wapi.

Kinachoniumiza zaidi kwenye eksirei siyo dozi ya picha moja, ni picha za kurudia na picha zilizopigwa ovyo. Nshaletewa picha ya mtoto wa miezi minane kutoka kituo kingine, bahasha imeandikwa kifua. Nikaiweka kwenye taa. Juu naona taya, chini naona tumbo lote hadi nyonga na mapaja, na pembeni vidole vinne vya mtu mzima, kimoja kina pete, vya mama aliyekuwa amemshika. Kifua chenyewe kilikuwa robo ya picha na mtoto alikuwa amegeuka upande, hata moyo huwezi kuupima. Yule mtoto kapata mionzi kwenye tumbo na sehemu za uzazi bila sababu, mama kapata mkononi, na bado picha ikabidi irudiwe. Mashine ile ina kitasa cha kufunga mwanga. Sekunde mbili tu.

Ule mwanga wa mraba wenye msalaba unaoona umemulikwa mwilini kabla ya picha ndo mpaka wa mionzi yenyewe. Kama umeletwa kupiga kiganja na mwanga umefika kifuani una haki ya kusema, "samahani, unaweza kuupunguza?" Hatukasiriki, na anayekasirika kwa hilo amekosea.

Kuna jambo jingine la mashine za kidijitali. Zamani filamu ilikuwa inakuumbua, ukizidisha dozi inatoka nyeusi tii na bosi anakuuliza. Sa hivi kompyuta inasawazisha, ukizidisha mara mbili au tatu picha inatoka safi zaidi, haina chenga, kila mtu anaisifu. Ukipunguza sana ndo chenga zinaonekana na daktari anailalamikia. Kwa hiyo mtu anajizoesha kupandisha kidogo kidogo na hakuna anayegundua ila mgonjwa anaibeba. Wenzangu, ile namba ya dozi inayotokea pembeni ya picha iangalieni kila picha.

*Waliopo chumbani.* Mgonjwa peke yake, sisi nyuma ya ukuta. Mtoto mdogo au mzee asiyeweza kutulia anashikwa na ndugu asiye na mimba, anavaa aproni ya risasi, ile nzito yenye madini ya risasi yanayozuia mionzi, na mikono yake inakaa nje ya mwanga. Asiwe mhudumu yuleyule kila siku, kwa sababu ndugu atashika mara moja lakini mhudumu atashika mara mia.

*Inaona nini.* Mifupa, kifua, hewa mahali isipotakiwa, sarafu aliyomeza mtoto. TB inaweza kushukiwa kwa picha ya kifua lakini haithibitishwi na picha, kohozi ndo linathibitisha. Nyama laini haioni vizuri, ubongo haiuoni kabisa.

*Hela na foleni.* Ndo ya bei nafuu na ipo hata wilayani. Dakika tano umemaliza.

*Inamfaa nani.* Mwenye swali la mfupa au kifua. Pia ipo ndugu yake, eksirei ya kuangalia kitu kikiwa kinatembea, kama kile kipimo cha mirija ya uzazi ambacho kina mama wengi wanatumwa. Hicho kinafanywa siku za mwanzo baada ya hedhi kuisha na kabla yai halijapevuka, ili tusimpige mtu ambaye tayari ana mimba changa bila kujua. Ukipewa tarehe usiibadilishe kienyeji kwa sababu ya safari.

CT skani

*Mionzi kwa mgonjwa.* Hapa ndo pa kutulia. Kichwa ni kama milisivati 2, sawa na miezi 10 ya mionzi ya asili. Kifua ni kama 7. Tumbo na nyonga ni 8 hadi 10, yaani miaka mitatu hadi minne. Na hizo ni za mzunguko mmoja. Kuna CT inapigwa kwanza bila dawa (ile ya kuchomwa mshipani ili viungo vionekane vizuri), halafu na dawa, halafu tena baada ya dakika kadhaa, na kila mzunguko unaongeza dozi yake juu. Kwa maswali mengi mzunguko mmoja unatosha, kwa hiyo swali zuri la kumuuliza daktari ni "tunahitaji mizunguko mingapi?"

Kwa mtoto ni muhimu zaidi. Seli zake zinagawanyika haraka na ana miaka mingi mbele ya madhara kujitokeza, halafu mwili wake mdogo hauhitaji dozi ya mtu mzima. Ukimpiga mtoto wa miaka mitatu kwa mipangilio ya baba yake picha itakuwa nzuri sana ila mtoto kapata zaidi ya alichohitaji. Muulize anayepiga, "mmeweka mipangilio ya watoto?" Swali hilo peke yake linamfanya mtu aangalie tena skrini.

*Waliopo chumbani.* Hakuna anayebaki. Tunamwona mgonjwa kupitia kioo chenye risasi na tunaongea naye kwa spika. Ikilazimu mtu abaki, mfano mgonjwa mahututi anayesaidiwa kupumua, anavaa aproni na anasimama mbali na tundu la mashine.

*Inaona nini.* Damu kichwani, mawe ya figo hata madogo, majeraha ya ndani baada ya ajali, damu iliyoganda kwenye mishipa ya mapafu, uvimbe umeenea hadi wapi. Na ni haraka, mapigo yenyewe ni sekunde tu. Wazo la hii mashine lina mguu mmoja Afrika, Allan Cormack alianza kulifanyia hesabu alipokuwa hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, miaka ya 1950, halafu Godfrey Hounsfield akaitengeneza Uingereza na mgonjwa wa kwanza akapigwa London mwaka 1971. Wakapewa Nobeli pamoja 1979.

*Hela na foleni.* Kubwa kuliko eksirei na kwa kawaida ndogo kuliko MRI. Hospitali za rufaa za mikoa nyingi sasa zinayo. Kama kuna dawa ya kuchomwa mshipani utaulizwa figo, mzio na pumu, na mwenye kisukari ataje dawa anazomeza. Jibu ukweli, hayo maswali hatuulizi kujaza fomu.

*Inamfaa nani.* Mtu wa dharura na mtu mwenye swali zito ambalo eksirei na ultrasaundi haziwezi kulijibu. Haimfai mzima asiye na dalili anayetaka "mwili mzima". Kwa huyo CT itaokota kivimbe kwenye ini, kidoa kwenye pafu, vitu ambavyo watu wengi wanaishi navyo hadi uzeeni, halafu kitafuata kipimo cha kuthibitisha, sindano ya kuchukua nyama, miezi ya kukosa usingizi. Nimeona mtu anauza kiwanja kwa kufuatilia kidoa ambacho mwisho kilikuwa kovu la zamani.

Ultrasaundi

*Mionzi kwa mgonjwa.* Hamna. Ni sauti, ya juu kuliko sikio linavyoweza kusikia, inaingia na kurudi. Hili linachanganya watu kwa sababu chumba chake kiko ndani ya idara ya mionzi, mlangoni kuna bango la njano, basi mjamzito anakataa kuingia au mama mkwe anamkataza. Dada, ingia. Bango ni la chumba cha jirani.

*Waliopo chumbani.* Mume, mama, mtoto, yeyote. Kwa mhudumu hatari yake ni bega na shingo, kushika kile kifaa masaa sita kwa siku kunaumiza.

*Inaona nini.* Mimba, ini, nyongo, figo, kibofu, tezi ya shingo, maji tumboni, mishipa ya damu. Haioni nyuma ya mfupa wala kupita kwenye gesi, na ndo maana unaambiwa uje bila kula kwa kipimo cha tumbo, au unywe maji ujaze kibofu kwa kipimo cha nyonga. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba inategemea mkono wa anayepima. Eksirei mbaya utaiona kuwa ni mbaya, lakini ultrasaundi iliyopimwa vibaya inatoka na majibu mazuri kabisa kwenye karatasi.

*Hela na foleni.* Bei yake iko karibu na ya eksirei na vituo ni vingi, hadi vya mtaani.

*Inamfaa nani.* Mjamzito, mtoto mwenye maumivu ya tumbo, mwanamke mwenye maumivu ya chini ya kitovu, anayehisi mawe kwenye nyongo. Kwa wote hawa ianze hii, CT ije kama bado kuna swali.

MRI

*Mionzi kwa mgonjwa.* Hamna pia, ni sumaku na mawimbi ya redio.

*Waliopo chumbani.* Hapa hatari inageuka. Sumaku haizimwi, iko kazini usiku na mchana, hata umeme ukikatika sumaku za hizi mashine kubwa zinabaki na nguvu. Mtungi wa oksijeni ukiingizwa unaruka kama kombora. Kwa hiyo vua kila kitu: pini za ushungi, hereni, bangili, hirizi kama ndani ina chuma, simu, kadi ya benki. Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo aseme mapema. Fundi wa kuchomelea vyuma aliyewahi kuingiwa na kipande jichoni aseme pia hata kama ni miaka 10 iliyopita, kwa sababu kile kipande kinaweza kusogea.

*Inaona nini.* Ubongo, uti wa mgongo na neva zake, kano za goti, tezi dume. Mapafu siyo uwanja wake. Mfupa uliovunjika kawaida eksirei inautosha.

*Hela na foleni.* Ghali kuliko zote, na kwa wengi wetu ni safari ya kwenda jiji lingine. Unalala ndani ya bomba lenye kelele nusu saa au zaidi bila kutikisika, mtoto mdogo mara nyingi analazwa kwa dawa, na dawa ya usingizi nayo ina hatari zake. Kwa hiyo mzazi anayeniambia "bora MRI haina mionzi" namjibu kwamba kwa mkono uliovunjika mionzi ya saa chache ni salama kuliko kumlaza mtoto kwa dawa.

*Inamfaa nani.* Mwenye ganzi au udhaifu wa miguu pamoja na maumivu ya mgongo, degedege lisiloeleweka, goti la mchezaji, na mjamzito ambaye ultrasaundi haikutosha, ila dawa ile ya kuchomwa ya MRI tunaiepuka kwenye mimba.

Kwa wenzangu wa idarani: ukuta, umbali, aproni au muda

Sisi nasi tuna uchaguzi wetu na naona wengi wanaukosea, wanaegemea aproni.

Ukuta wenye risasi ndo kinga bora, hauchoki, hausahauliki. Shida yake haubebeki, kwa hiyo unamfaa anayefanya kazi chumbani kwake tu.

Umbali ni bure na una nguvu ambayo watu hawaiamini hadi waone hesabu. Ukitoka mita moja kwenda mita mbili dozi inabaki robo, mita tatu inabaki sehemu ya tisa. Mionzi inayotupata sisi karibu yote ni ile inayotawanyika kutoka mwilini mwa mgonjwa, na ukiwa mita moja pembeni ni kama sehemu moja ya elfu ya iliyomwingia. Kwa hiyo ukipeleka mashine ya magurudumu wodini nyoosha waya wa kubonyezea wote, simama angalau mita mbili, na uwaambie manesi kwa sauti "napiga!" kabla ya kubonyeza. Mgonjwa wa kitanda cha pili hahitaji kukimbizwa wodi nzima.

Aproni yenye kinga sawa na milimita 0.5 ya risasi inazuia zaidi ya asilimia 90 ya mionzi iliyotawanyika. Haikuruhusu kusimama kwenye mwanga wenyewe. Na aproni inakufa kimya kimya. Tulikuwa na moja inatupwa kwenye kiti, inakunjwa, watu wanaikalia. Siku moja tukaitandaza mezani tukaipiga picha. Ilitoka nyeupe yote kama inavyotakiwa, halafu katikati, pale pa mkunjo, mstari mweusi mrefu kama kiganja, na mingine miwili midogo chini yake. Mtu alikuwa anavaa ile akiamini amefunikwa. Itundikeni kwenye hanga pana na muipige picha angalau mara moja kwa mwaka.

Muda ndo silaha ya wale wa vyumba vya kuzibua mishipa ya moyo na upasuaji wa mifupa, ambako mguu uko kwenye pedali ya kuwashia mionzi. Kila sekunde ya kuachia pedali ni mionzi isiyokuwepo. Hao ndo wanahitaji pia kinga ya shingo na miwani ya risasi, maana mtoto wa jicho kutokana na mionzi umeonekana kwa madaktari wa moyo. Kikomo cha lenzi ya jicho kilikuwa milisivati 150 kwa mwaka na mwaka 2011 ICRP ikakishusha hadi 20. Mwili mzima ni 20 kwa mwaka kwa wastani wa miaka mitano, na hakuna mwaka hata mmoja wa kuvuka 50. Raia wa kawaida ni 1. Mwenzetu akipata mimba na akatoa taarifa, mtoto aliye tumboni anahesabiwa kama raia, 1 tu hadi kujifungua, kwa hiyo dada usifiche, sema mapema upangiwe kazi.

Beji ya kupimia mionzi haizuii kitu, inatoa ushahidi. Nimekuta beji zinatundikwa ukutani chumba cha mashine ili zisipotee, na majibu yanarudi yanasoma ukuta. Hapa Tanzania anayesimamia haya yote ni TAEC, Tume ya Nguvu za Atomiki, kwa sheria ya 2003, Kenya ni KNRA iliyoanzishwa na sheria ya 2019. Majibu ya beji yako ni haki yako, yaombe.

Mgonjwa je, naye avae aproni? Mwaka 2019 chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani, AAPM, kilishauri kuacha kumfunika mgonjwa nyonga kama desturi. Sehemu kubwa ya mionzi inayofika huko inatokea ndani ya mwili wake mwenyewe, aproni ya juu haiizuii, na ikiingia kwenye picha inaficha kitu au inaifanya mashine iongeze dozi yenyewe. Vituo vingine bado wanafunika, vingine wameacha. Mi naona kubana mwanga vizuri kunamlinda zaidi, lakini mgonjwa akiniomba na aproni haigusi eneo la picha nampa, utulivu wake una thamani.

Sasa wewe uko wapi?

Umeanguka na bodaboda, ulizimia, unatapika au unasinzia: CT ya kichwa, usipoteze muda kuomba eksirei ya fuvu, fuvu linaweza kuwa zima na damu iko ndani. Kama kilichoumia ni kifundo cha mguu tu, eksirei inatosha.

Mgongo unauma wiki ya pili baada ya kubeba magunia, huna homa, hujapungua uzito, hujawahi kuwa na kansa, miguu ina nguvu na haja unaizuia vizuri: kwa kawaida huhitaji picha yoyote sasa, subiri wiki sita na mazoezi na dawa. Miguu ikianza ganzi au haja ikatoka yenyewe, hapo ni MRI na ni haraka.

Mtoto tumbo linamuuma upande wa kulia chini: ultrasaundi kwanza, kwa mtu anayejua kupima watoto.

Maumivu ya figo yanayokugalagaza: kwa kijana na mjamzito anza na ultrasaundi, kwa mtu mzima ambaye jibu halijapatikana CT isiyo na dawa na ya dozi ndogo inaona karibu mawe yote. Ila kama unajirudia kila mwaka na mawe yaleyale mkumbushe daktari umeshapigwa CT ngapi.

Mjamzito unakohoa wiki tatu na daktari anataka picha ya kifua: piga. Dozi inayomfikia mtoto ni chini ya sehemu ya mia ya miligrei moja (miligrei ni kipimo cha mionzi inayoingia kwenye sehemu ya mwili), na TB isiyotibiwa ni hatari kwenu wote wawili. Kama ulipiga picha ya tumbo kabla hujajua una mimba, usikimbilie kuitoa, ICRP inasema dozi iliyo chini ya miligrei 100 kwa mtoto siyo sababu ya kutoa mimba, na vipimo vya kawaida viko chini sana ya hapo. Njoo tukukokotolee.

Na unayehamishwa hospitali, kutoka mkoani kwenda Muhimbili, KCMC au Bugando, beba picha zako. Nyingi zinarudiwa kwa sababu tu CD imebaki kabatini nyumbani au filamu imekunjwa ikapasuka. Omba CD kabla hujaondoka, hakikisha jina na tarehe ni vyako, filamu iweke imelala kwenye bahasha yake, na ukifika kule mpe daktari kabla hajaandika fomu nyingine.